JIMBO LA CHIKMAGALUR: HISTORIA YA UCHAGUZI WAKE, 1967–2008

Chikmagalur ni jina la mji na la wilaya katika India ya kusini. Kwa muda wa miaka arobaini na mmoja lilikuwa pia jina la jimbo la uchaguzi katika Bunge la nchi hiyo. Mji ungalipo, na wilaya ingalipo. Jimbo halipo tena. Lilipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1967, likafutwa kwa amri ya mipaka mipya iliyoanza kutumika mwaka 2008.

Nje ya Karnataka jimbo hili hukumbukwa kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba mwaka 1978 lilimpeleka Bungeni Indira Gandhi, aliyekuwa ameshindwa vibaya mwaka uliotangulia. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, ila ni fupi mno. Imefanya majuma machache yafunike miaka arobaini, tena imeficha jambo lenye uzito zaidi: kwamba uwakilishi wa watu wa Chikmagalur ulitenguliwa mara mbili, na mamlaka mbili mbalimbali. Mara ya kwanza Bunge lilimwondoa mbunge, jimbo likabaki. Mara ya pili sheria ya mipaka iliondoa jimbo lenyewe. Mara ya kwanza habari zilienea ulimwengu mzima. Mara ya pili ni wachache waliotambua. Makala haya yanaeleza historia hiyo kwa utaratibu, ili ipate kupimwa ni utenguzi upi kati ya hiyo miwili uliowapunguzia wapiga kura zaidi.

I. Jina, mahali na istilahi

Wilaya ya Chikmagalur iko katika nchi ya vilima iitwayo Malnad, magharibi mwa Karnataka. Jina la mji ni la Kikannada, na viungo vyake vyafahamika bila shida: chikka ni "dogo", magalu ni "binti", na uru ni "mji" au "kijiji". Maana yake basi ni "mji wa binti mdogo". Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba Rukmangada, mtawala wa Sakrepatna, alimpa bintiye mdogo mahali hapa siku ya arusi yake. Si vema kuita zawadi hiyo mahari, kwa sababu mahari katika Kiswahili hutoka upande wa mume, na hii ilitoka kwa baba wa bibi arusi. Karibu na hapo pako Hiremagalur, "mji wa binti mkubwa". Mwaka 2014 serikali ya Karnataka iliamuru tahajia iwe Chikkamagaluru, iliyo karibu zaidi na matamshi ya wenyeji. Lakini kwa kuwa jimbo lilifutwa kabla ya amri hiyo, makala haya yanafuata tahajia iliyotumika katika uchaguzi.

Zao kuu la vilima hivi ni kahawa. Husimuliwa kwamba katika karne ya 17 walii mmoja wa Kiislamu, Baba Budan, alirudi kutoka Hija akiwa na mbegu saba za buni alizozipata Yemen, akazipanda katika milima ambayo sasa yaitwa kwa jina lake. Wasemaji wa Kiswahili, waliopokea neno kahawa kutoka Kiarabu, huenda wakatazamia kukuta neno la asili hiyo hiyo huko. Lakini Kikannada husema kapi, neno lililopitia lugha za Ulaya. Mbegu ilifuata njia moja, na jina lake likafuata njia nyingine.

Hapana budi kuweka wazi istilahi mbili. Neno jimbo katika Kiswahili hubeba maana ya sehemu kubwa ya nchi, na pia maana ya eneo la uchaguzi. Hapa litatumika kwa maana ya pili peke yake. Zile sehemu kubwa zilizounganika kuwa India zitaitwa madola. Kila dola lina baraza lake la kutunga sheria, na maeneo yanayochagua wajumbe wa mabaraza hayo yataitwa vijimbo. Katika Karnataka vijimbo ni 224, na majimbo ya Lok Sabha, yaani Baraza la Watu katika Bunge la India, ni 28. Kwa hiyo kila jimbo hufanywa kwa vijimbo vinane. Msomaji ashike hesabu hiyo, maana ndiyo iliyoamua mwisho wa habari hii.

Istilahi ya Kikannada ya jimbo la uchaguzi ni kshetra, neno la asili ya Kisanskriti. Maana yake ya kwanza ni shamba. Tena hutumika kwa mahali patakatifu pa kuzuru. Basi mwenyeji anapotaja kshetra yake hataji mpaka wa ramani tu, bali neno lenyewe limebeba harufu ya udongo unaolimwa na ya mahali penye heshima.

II. Kuzaliwa kwa jimbo, na hali yake hadi 1977

Katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa India huru, uliofanywa mwaka 1951 na 1952, Chikmagalur haikuwa na jimbo la peke yake. Iliunganishwa na Hassan, wilaya jirani, chini ya jina la pamoja. Dola lenyewe wakati huo liliitwa Mysore, nalo halikuitwa Karnataka hadi tarehe 1 Novemba 1973. Mipaka ya mwaka 1967 ndiyo iliyotoa jimbo lenye jina la Chikmagalur.

Mbunge wake wa kwanza, M. Huche Gowda, hakuwa mtu wa chama cha Congress, kilichokuwa kikitawala nchi nzima, bali wa Praja Socialist, chama cha kisoshalisti. Jambo hilo lafaa kuangaliwa, kwa kuwa lakanusha dhana ya baadaye kwamba Chikmagalur ilikuwa ngome ya Congress tangu asili. Haikuwa hivyo. Iligeuka kuwa hivyo mwaka 1971, wakati D. B. Chandre Gowda alipoliteka kwa tikiti ya Congress ya Indira Gandhi, katika uchaguzi ambao waziri mkuu huyo aliahidi kuondoa umaskini.

Sababu iliyokizatiti chama hicho baada ya hapo ni siasa ya Devaraj Urs, aliyekuwa waziri kiongozi wa dola tangu 1972. Kabla yake madaraka ya Karnataka yalikuwa zaidi mikononi mwa jamii mbili kubwa zenye ardhi, Walingayat na Wavokkaliga. Urs alijenga nguvu zake kwa kuwakusanya wale waliobaki nje: jamii ndogo ndogo, matabaka ya chini, Waislamu na watu wasio na ardhi. Marekebisho ya sheria ya ardhi yaliyoanza kutumika mwaka 1974 yaliwapa wapangaji wengi wa mashamba haki ya kumiliki udongo waliokuwa wakiulima kwa ajili ya wengine. Mashamba ya kahawa hayakuguswa na kikomo cha ukubwa wa ardhi kilichowekwa na sheria hiyo. Hivyo Congress iliweza kupendwa na maskini wa bondeni bila kuwatia hofu kubwa wenye mibuni ya milimani.

Ndipo ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 25 Juni 1975. Siku chache kabla, tarehe 12 Juni, Mahakama Kuu ya Allahabad ilikuwa imebatilisha ushindi wa Indira Gandhi wa mwaka 1971 katika jimbo lake la Rae Bareli, kwa kosa la kutumia watumishi wa serikali katika kampeni. Kwa muda wa miezi ishirini na moja wapinzani walifungwa na magazeti yakazuiwa. Wapiga kura walipopewa nafasi, mwezi Machi 1977, walitoa majibu mawili yasiyofanana. Kaskazini, ambako kampeni za kuwafunga watu uzazi kwa nguvu zilikuwa kali, Congress haikupata hata kiti kimoja katika Uttar Pradesh wala Bihar, na Indira Gandhi mwenyewe akashindwa na Raj Narain katika Rae Bareli. Kusini mambo yalikuwa kinyume. Karnataka iliipa Congress viti 26 kati ya 28, na Chandre Gowda akarudishwa Bungeni na Chikmagalur.

III. Uchaguzi mdogo wa mwaka 1978

Mwezi Januari 1978 Congress iligawanyika, na sehemu iliyomfuata Indira Gandhi ikaitwa Congress (I). Mwezi wa pili sehemu hiyo ilishinda chaguzi za mabaraza katika Karnataka na Andhra Pradesh. Kiongozi wake alikuwa hana kiti Bungeni, na palihitajiwa jimbo ambalo lingempokea pasipo mashaka makubwa. Chandre Gowda alijiuzulu ili kumpisha, na uchaguzi mdogo ukaitishwa mwezi Novemba.

Chama cha Janata, kilichokuwa na serikali huko Delhi chini ya Morarji Desai, kilimsimamisha Veerendra Patil. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa waziri kiongozi wa Mysore tangu 1968 hadi 1971, na katika jamii ya Walingayat alikuwa na heshima kubwa. Miongoni mwa waliokuja kumpigania alikuwamo George Fernandes, waziri wa serikali ya Janata, mzaliwa wa Mangalore katika pwani ya karibu, ambaye aliweza kuzungumza na watu kwa lugha zao.

Indira Gandhi hakuwa msemaji wa Kikannada. Hata wito wa kampeni uliovuma kuliko yote ulikuwa wa Kihindi. Wito huo ulimfananisha mgombea na simba jike mmoja, na wapinzani wake na langur mia, yaani nyani wenye mkia mrefu. Na neno langur liliwekwa kwa sababu lina kina kimoja na Chikmagalur. Mtaalamu wa lugha hatakosa kuona kasoro iliyomo. Jina la mji wa Kikannada lilifanywa mwisho wa ubeti wa Kihindi, katika nchi ambayo wapiga kura wengi hawakusema Kihindi. Wito huo haukuwalenga watu wa Malnad hasa; uliwalenga wasikilizaji wa Delhi na wa bonde la Ganga. Tangu siku hiyo jina la Chikmagalur lilianza kuwa la watu wengine, likitajwa mbali na wale wasiojua hata maana yake.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba wenyeji walichukuliwa kama kundi lisilo na akili. Walikuwa na sababu zao. Kwao Hali ya Hatari haikuwa na uso ule uliojulikana kaskazini. Walichokiona karibu nao ni ardhi iliyogawiwa na misaada iliyotolewa, na mambo hayo waliyanasibisha na Congress. Tena si jambo dogo kwa wilaya ya mbali kuwa na mbunge ambaye taifa zima lilimsikiliza. Indira Gandhi alimshinda Patil kwa kura zaidi ya sabini elfu.

Wagombea wa pambano hili walikuwa na mwisho wa ajabu. Veerendra Patil, aliyesimama kumzuia Indira Gandhi, baadaye alijiunga na Congress, akawa tena waziri kiongozi wa Karnataka mwaka 1989, mara hii kwa chama alichokipiga vita Chikmagalur. Chandre Gowda, aliyekitoa kiti chake kwa ajili ya kiongozi wa Congress, alirudi katika Lok Sabha mwaka 2009 kutoka jimbo la Bangalore Kaskazini, naye alikuwa mgombea wa Bharatiya Janata, hasimu mkuu wa Congress. Devaraj Urs mwenyewe alifarakana na Indira Gandhi mwaka 1979. Anayetafuta uthabiti katika historia hii asiutafute kwa wanasiasa.

IV. Utenguzi wa kwanza: Bunge lamfukuza mbunge

Mbunge mpya hakukikalia kiti chake hata majuma saba. Kabla ya uchaguzi mdogo kuitishwa, Kamati ya Haki za Bunge ilikuwa ikichunguza shtaka juu yake. Mwaka 1975, akiwa waziri mkuu, watumishi wanne wa serikali walikuwa wakikusanya habari za kampuni ya Maruti, iliyokuwa ya mwanawe Sanjay, ili swali lililoulizwa Bungeni lipate kujibiwa. Kamati iliona kwamba watumishi hao walizuiwa na kuteswa kwa kesi na upelelezi, na kwamba Indira Gandhi ndiye aliyesababisha hayo. Tarehe 19 Desemba 1978 Lok Sabha ilikata shauri: afukuzwe Bungeni, na afungwe gerezani hadi kikao kitakapofungwa. Alipelekwa katika gereza la Tihar, akatoka baada ya juma moja.

Hoja zilizoshindana siku ile hazikwisha pamoja na hukumu. Upande mmoja ulisema kwamba Bunge lisiloweza kulinda haki yake ya kupata habari si Bunge, na kwamba waziri mkuu aliyewaadhibu watumishi kwa kutimiza wajibu wao alivunja msingi wa uwajibikaji wa serikali. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa kwa sababu tu iliyatumikia matakwa ya Janata. Upande wa pili ulisema kwamba kosa, kama lilikuwapo, lilitendwa mbele ya Bunge lililokwisha kuvunjwa. Na kwamba watu wa Chikmagalur, waliozisikia tuhuma za Hali ya Hatari katika kila mkutano wa kampeni, walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao kwa kura.

Hoja ya pili ndiyo iliyowahusu wapiga kura. Katika majadiliano mengi ya wakati ule Chikmagalur ilitajwa kama jina la ushindi au la hila, si kama jumla ya watu ambao kwa ghafula walikuwa hawana mbunge. Swali la haki lilikuwa: mbunge ni wa nani? Kama ni wa Bunge, Bunge laweza kumtoa. Kama ni wa waliomchagua, aweza kutolewa na wao peke yao, au na sheria iliyowekwa wazi kabla.

Tarehe 7 Mei 1981, Indira Gandhi alipokuwa amerudi madarakani, Bunge lililofuata lilifuta uamuzi ule wa Desemba 1978. Lakini utenguzi wa utenguzi ulifanywa na wingi wa upande wake, kama vile utenguzi wenyewe ulivyofanywa na wingi wa upande wa pili. Jibu la kisheria lilichelewa sana. Mwezi Desemba 2005 wabunge kumi na mmoja walifukuzwa kwa kupokea fedha ili waulize maswali Bungeni. Kesi iliyotokana na hayo iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Januari 2007. Majaji walio wengi walisema kwamba Bunge lina uwezo wa kumfukuza mbunge, ila uwezo huo hauko nje kabisa ya macho ya mahakama.

Lakini pana jambo moja ambalo Bunge haliwezi kulifanya kwa kumfukuza mbunge: haliwezi kuwafukuza wapiga kura. Aliyefukuzwa hakatazwi kusimama tena, na jimbo hubaki na sauti yake. Mwezi Desemba 2023 Mahua Moitra, mbunge wa Krishnanagar katika Bengal ya Magharibi, alifukuzwa na Lok Sabha. Mwezi Juni 2024 watu wa Krishnanagar walimrudisha. Chikmagalur nayo ilijibu kwa njia yake. Katika uchaguzi mkuu wa Januari 1980 Indira Gandhi aligombea Rae Bareli na Medak, si Chikmagalur, akashinda kote kuwili. Na Chikmagalur ikamchagua D. M. Putte Gowda wa chama chake. Mwakilishi aliondolewa, lakini uamuzi wa watu ukabaki ulipokuwa.

V. Miaka isiyokumbukwa, 1980–2004

Baada ya 1980 jina la Chikmagalur lilitoka katika vichwa vya habari, nalo jimbo likarudi katika maisha ya kawaida. Kwa mwanachuoni miaka hii ndiyo yenye mafunzo zaidi, maana ndani yake wapiga kura waonekana pasipo kivuli cha mtu mkubwa.

Mwaka 1984 alichaguliwa D. K. Taradevi, mwanamke, wa Congress. Mwaka 1989 alirudi Putte Gowda, na mwaka 1991 akarudi Taradevi, aliyepata kuwa waziri mdogo katika serikali ya P. V. Narasimha Rao. Basi tangu 1971 hadi 1991 kila uchaguzi wa jimbo hili ulikwenda kwa chama kile kile au tawi lake lililomfuata Indira Gandhi.

Mwaka 1996 mnyororo huo ulikatika. B. L. Shankar wa Janata Dal alishinda, katika mwaka ambao chama chake kilipata viti 16 katika Karnataka, na H. D. Deve Gowda, mtu wa Hassan jirani, akawa waziri mkuu wa India. Lakini zamu ya Janata Dal ilikuwa fupi. Mwaka 1998 D. C. Srikantappa alilichukua jimbo kwa ajili ya Bharatiya Janata, akalishika tena mwaka 1999 na 2004. Alikuwa mbunge wa mwisho wa Chikmagalur.

Mageuzi hayo yana sababu zaidi ya moja. Kugawanyika kwa Janata Dal kuliwaacha watu wake bila nyumba, na Walingayat wengi wa Karnataka walihamia Bharatiya Janata. Lakini palikuwa na sababu ya mahali hapo hapo. Katika milima ya Baba Budan iko pango ambalo kwa muda mrefu liliheshimiwa na Waislamu kwa jina la walii huyo, na Wahindu kwa jina la Dattatreya. Wageni wa dini zote mbili walizuru mahali pamoja. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 20 mashirika ya Kihindu yalifanya kampeni kubwa ya kudai mahali hapo pawe pa Dattatreya peke yake, na maandamano ya kila mwaka yakawa chanzo cha ugomvi. Kampeni hiyo na kupanda kwa Bharatiya Janata katika wilaya vilikwenda sambamba. Pale palipohesabiwa kuwa kshetra ya watu wa dini mbili pakaingia katika ushindani wa kshetra ya kura.

Kwa ufupi, katika miaka thelathini na saba, tangu 1967 hadi 2004, jimbo hili lilipita kwa Wasoshalisti, kwa Congress, kwa Janata Dal na kwa Bharatiya Janata. Njia hiyo ni karibu ile ile iliyopitwa na Karnataka nzima.

VI. Utenguzi wa pili: hesabu yaondoa jimbo

Katiba ya India yataka majimbo ya kila dola yalingane kwa wingi wa watu kadiri iwezekanavyo. Lakini idadi ya majimbo ya kila dola iligandishwa mwaka 1976, ili madola yaliyofaulu kupunguza uzazi yasiadhibiwe kwa kupunguziwa viti. Na kizuizi hicho kiliongezwa mpaka hesabu ya kwanza ya watu itakayofanywa baada ya mwaka 2026. Kilichoruhusiwa ni kupanga upya mipaka ndani ya dola. Kazi hiyo ilipewa tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, chini ya uenyekiti wa Jaji Kuldip Singh, nayo ilitumia hesabu ya watu ya mwaka 2001.

Hesabu yenyewe haikuwa na huruma kwa vilima. Karnataka ilikuwa na watu 52,850,562. Ukigawanya kwa majimbo 28, kila jimbo lapata kama watu milioni 1.89. Wilaya ya Chikmagalur ilikuwa na watu 1,140,905 tu, na Udupi, wilaya ya pwani iliyo chini ya milima hiyo, ilikuwa na 1,112,243. Hakuna hata moja iliyotosha kuwa jimbo. Wakati huo huo mji wa Bangalore ulikuwa umefurika watu, ukahitaji viti zaidi. Kwa kuwa idadi ya viti haikuweza kuongezwa, kila kiti kilichopewa mji kilipaswa kutoka mahali pengine.

Tume iliyafuta majimbo mawili, Chikmagalur na Udupi, ikafanya moja liitwalo Udupi Chikmagalur. Lakini wilaya hizo mbili zilikuwa na vijimbo vitano kila moja, jumla kumi, na jimbo huchukua vinane. Viwili vilipaswa kutolewa. Kadur, upande wa mashariki wa Chikmagalur, kilipelekwa jimbo la Hassan. Byndoor, upande wa kaskazini wa Udupi, kikapelekwa Shimoga. Vilivyobaki vikawa vinne vya milimani, Sringeri, Mudigere, Chikmagalur na Tarikere, na vinne vya pwani, Kundapur, Udupi, Kaup na Karkal.

Kwa hesabu, nne na nne ni usawa. Kwa maisha ya watu si hivyo. Pwani ya Udupi ni nchi ya wavuvi, wafanyabiashara, shule na benki; huko Kikannada huishi pamoja na Kitulu na Kikonkani, na watu wake wengi huenda kufanya kazi Mumbai na katika nchi za Ghuba. Milimani ni nchi ya mibuni, ya vibarua wa mashamba, ya mvua nzito na vijiji vilivyotawanyika. Kati ya sehemu hizo mbili iko kingo ya milima ya Ghats, na barabara za kuipanda ni chache.

Matokeo ya chaguzi zilizofuata yaonyesha upande uliozidi. Mwaka 2009 alichaguliwa D. V. Sadananda Gowda. Alipoondoka kwenda kuwa waziri kiongozi wa dola, uchaguzi mdogo wa mwaka 2012 ulimpa kiti K. Jayaprakash Hegde. Mwaka 2014 na 2019 alichaguliwa Shobha Karandlaje, na mwaka 2024 Kota Srinivas Poojary. Wote wanne ni watu wa wilaya za pwani. Si kwamba walikatazwa watu wa milimani kusimama, wala si kwamba wabunge hao hawakuijali Chikmagalur. Ila vyama hutafuta mgombea pale penye nguvu ya kura na ya fedha.

Tume haikutenda kwa siri wala kwa upendeleo wa chama uliothibitishwa. Ilitangaza rasimu, ikasikiliza maoni ya watu hadharani, na wabunge walishirikishwa bila kupewa kura. Lakini kifungu cha 329 cha Katiba chazuia mahakama kuhoji uhalali wa sheria za mipaka. Aliyefukuzwa Bungeni aliweza kusimama tena. Jimbo lililofutwa haliwezi kugombea.

VII. Hitimisho

Tukilinganisha matukio haya mawili twaona kwamba ukubwa wa kelele si kipimo cha ukubwa wa hasara. Mwaka 1978 Bunge lilitumia uwezo wenye mashaka juu ya mtu mashuhuri, na hasara ya wapiga kura ilikuwa ya muda; walikuwa na chombo cha kujibia, wakakitumia mwaka 1980. Mwaka 2008 tume ilitumia uwezo usio na mashaka kwa njia ya haki, na hasara ya wapiga kura ilikuwa ya kudumu, maana chombo chenyewe cha kujibia kilipunguzwa. Kila mtu alibaki na kura yake moja, na kanuni ya usawa ilitimizwa barabara. Lakini jumla ya watu wa vilima, waliozoea kuonekana kwa jina lao kwa miaka arobaini na mmoja, ikawa kipande cha jumla nyingine.

Jambo hili halikuishia hapo. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta wilaya ya Chikmagalur ina watu 1,137,961, pungufu kuliko miaka kumi iliyotangulia, wakati Bangalore ilizidi kukua. Kanuni ile ile ikitumiwa tena, nchi za vilima zitazidi kupoteza. Wanaotunga sheria za mipaka hawana budi kujiuliza kama usawa wa idadi ndio usawa wote, au kama mahali nako kuna haki ya kusikika.

Jina lingalipo katika jimbo jipya, ila limewekwa la pili, baada ya Udupi. Mji wa binti mdogo ulitolewa zamani kuwa zawadi ya arusi. Mwaka 2008 ulitolewa tena, na mara hii haukupewa mtu, bali ulipewa hesabu.